Ute wa samaki ni dawa ya nani?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia kitu ambacho kila mama aliyewahi kupara perege anakifahamu kwa vidole vyake, yaani ule ute unaoteleza juu ya ngozi ya samaki. Wengi wetu tunauona ni uchafu wa kuoshwa haraka. Hata hivyo, sisi wauguzi tumekuwa tukiulizwa habari zake mara kwa mara, tena na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale walioona kwenye simu picha za wagonjwa wa Brazili waliofunikwa majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki. Hao wanataka kujua kama na wao wanaweza kupaka ute, au kubandika ngozi ya perege, mtu akiungua nyumbani. Wa pili ni wafugaji wenyewe, wanaokuja na kidole kilichovimba baada ya kuchomwa na mwiba bwawani, nao wanashangaa: si tulisikia kwamba ute wa samaki unaua vijidudu?

Wote wamesikia jambo la kweli. Ute wa samaki unaua vijidudu, na wataalamu wameuchunguza kwa miaka mingi. Ila unafanya kazi hiyo kwa faida ya samaki aliye hai, akiwa ndani ya maji yake. Mtu asipoelewa hivyo anaweza kuharibu kidonda ambacho kingepona chenyewe, na anaweza pia kuharibu bwawa lake.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu kwa sababu siku hizi ukipanda kutoka Tengeru au Usa River kuelekea Mlima Meru si ajabu kukuta bwawa la samaki nyuma ya migomba na mibuni, likipata maji katika mfereji ule ule unaomwagilia mboga. Wazee wa hapa walilelewa kwa ndizi, maziwa na nyama. Samaki hakuwa kitoweo cha kila nyumba, na kwa hiyo hatukurithi mafundisho mengi juu ya kumshika, kumtunza na kumpika, kama walivyorithi ndugu zetu wa kando ya Ziwa Victoria.

NGOZI ISIYO KAMA YETU

Ngozi yetu sisi wanadamu imefunikwa juu kwa tabaka la chembechembe zilizokwisha kufa na kukauka. Ndizo zinazobanduka tunapojisugua kwa dodoki. Tabaka hilo kavu ni ukuta wetu wa kwanza dhidi ya maradhi. Samaki hana ukuta wa namna hiyo. Chembechembe za ngozi yake ziko hai mpaka zile za nje kabisa, nazo zinaguswa na maji moja kwa moja. Na maji ya bwawa, hata yakionekana masafi, yana vijidudu vingi, kwa kuwa ndani yake kuna mabaki ya chakula, kinyesi cha samaki na majani yanayooza.

Pengine utasema kwamba samaki analindwa na magamba. Magamba yanamkinga asichubuke, lakini hayazuii vijidudu. Tena hayako nje kama vigae juu ya nyumba. Yameota ndani ya ngozi, na ngozi nyembamba iliyo hai imepita juu yake. Kwa hiyo gamba likibanduka, samaki amepata kidonda.

Kinachomkinga hasa ni ute. Katika ngozi yake kuna chembechembe ndogo ambazo kazi yake ni kutengeneza ute na kuumwaga nje. Kazi hiyo haisimami mchana wala usiku, na ute wa zamani huchukuliwa na maji. Kijidudu kinapotua juu ya samaki hunaswa kwanza katika ute, na kabla hakijapata nafasi ya kujishikiza, ute wenyewe umekwisha ondoka nacho. Ni sawa na mtu anayejaribu kupanda ukuta ambao kila dakika unapakwa sabuni mpya. Mwili wetu nao unatumia njia hii mahali palipo na unyevu: kamasi ya puani hunasa vumbi na vijidudu, na ute wa tumboni hukinga kuta za tumbo.

Kambale hana magamba kabisa, na ndiyo sababu ute wake ni mwingi kiasi kwamba wapishi wengi humsugua kwa majivu au chumvi kabla ya kumkata. Ute huo humsaidia pia asikauke anapotambaa juu ya majani mabichi usiku wa mvua, akihama kutoka dimbwi moja kwenda jingine. Mwenye bwawa asiyejua tabia hiyo huamka asubuhi akadhani ameibiwa!

DAWA ILIYOMO NDANI YA UTE

Kama ute ungekuwa utelezi tu, ingekuwa faida ya kutosha. Lakini ndani yake kuna silaha za aina kadhaa.

Ya kwanza inaitwa lisozimu. Mwaka 1922 Alexander Fleming, daktari yule yule aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alitangaza kwamba kamasi ya mtu ina kitu kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Alikikuta pia katika machozi, mate na ute wa yai. Lisozimu imo katika maziwa ya mama, nayo ni mojawapo ya vitu vingi vinavyomkinga mtoto anyonyaye. Samaki naye ameipata, kwenye ute wa ngozi yake.

Ya pili ni zile protini za kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na ugonjwa au kupata chanjo. Akina mama wanaoleta watoto kliniki wamesikia tukizieleza mara nyingi. Samaki anazo pia, na sehemu yake hutoka nje pamoja na ute, zikisubiri adui mlangoni.

Ya tatu ndiyo iliyowavutia sana watafiti wa dawa. Ni vipande vifupi vya protini ambavyo huvutwa na utando wa nje wa bakteria kama msumari unavyovutwa na sumaku. Vikishagusa utando huo vinautoboa, na kijidudu kinavuja mpaka kinakufa. Habari ya vipande hivi ilipata nguvu kwa sababu ya chura. Daktari mtafiti wa Marekani, Michael Zasloff, alikuwa akiwapasua vyura wa Afrika wenye kucha ili kupata mayai yao kwa uchunguzi. Baada ya kuwashona aliwarudisha katika maji yasiyo safi. Sisi tuliosomea uuguzi tunajua ambacho kingempata mgonjwa wetu tukimtumbukiza kwenye maji ya namna hiyo siku ya upasuaji. Wale vyura walipona bila usaha. Mwaka 1987 Zasloff alieleza kwamba ngozi ya chura inatoa vipande vya protini vinavyoua bakteria, akaviita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Watafiti wakageukia samaki. Mwaka 1997 kipande cha namna hiyo kilielezwa kutoka katika ute wa ngozi ya samaki bapa wa bahari ya baridi ya Amerika Kaskazini. Mwaka 2001 Umaporn Silphaduang na Edward Noga, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina huko Marekani, walieleza vingine walivyovikuta kwa samaki wa kufugwa, ndani ya chembechembe za kinga ambazo hukaa kwenye ngozi, matamvua na utumbo. Watafiti wa Taiwan nao wameeleza vipande vya ukoo huo huo kwa perege. Kwa hiyo samaki anayeogelea nyuma ya migomba yako ana kiwanda kidogo cha dawa katika ngozi yake.

KWA NINI BASI TUSIUPAKE?

Kwanza, dawa hiyo ni kidogo sana, na nguvu yake inategemea kutengenezwa upya kila wakati. Ute uliokwanguliwa kwa kisu hautengenezwi tena. Pili, ute huo umetoka bwawani pamoja na vijidudu ulivyovinasa. Tena wapo bakteria waliozoea kuishi ndani ya ute wenyewe, ambao silaha zake haziwadhuru. Ukiupaka kwenye kidonda unawapeleka hao mahali ambapo hakuna ute mpya wa kuwaondoa, pana joto zuri, na pana damu ya kula.

Tatu, safari ya kutoka kwenye ute hadi dawa ya hospitali ni ndefu kuliko inavyosemwa kwenye simu. Ilitengenezwa dawa ya kupaka kwa mfano wa ile magainini ya chura, kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha. Ikajaribiwa tena, na mwaka 2016 majaribio makubwa yakaonyesha kwamba haikuwashinda waliopakwa krimu isiyo na dawa yoyote. Kama wataalamu wenye maabara na fedha nyingi walipata shida hiyo, sisi na kisu chetu cha jikoni tutawezaje?

Ipo mila nyingine inayofanana na hii, nayo tumeipiga vita kwa miaka mingi: kumpaka mtoto aliyeungua ute wa yai. Kumbe ute wa yai umejaa lisozimu! Pamoja na hayo, yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na ute ukikauka juu ya jeraha hushikamana na ngozi, tukalazimika kuubandua mtoto akilia. Kitu kuwa na dawa ndani yake hakukifanyi kuwa dawa.

Na wale wagonjwa wa Brazili? Picha hizo ni za kweli. Madaktari na watafiti wa mji wa Fortaleza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará, wamekuwa wakitumia ngozi ya perege wa kufugwa kufunika majeraha ya moto tangu miaka ya 2010. Lakini angalieni wanachofanya kabla ya kuiweka juu ya mgonjwa. Magamba, nyama na ute huondolewa vyote. Ngozi inasafishwa kwa dawa za kuua vijidudu, inatiwa kwenye gliserini, kisha inapigwa mionzi na kuhifadhiwa katika baridi. Kinachobaki ni ngozi tupu yenye protini ya kolajeni, ambayo hushikamana na jeraha, hutunza unyevu wake na kupunguza haja ya kubadilisha bandeji kila siku. Mtu yeyote aliyewahi kufungua bandeji ya mtoto aliyeungua anajua maana ya kupunguziwa kazi hiyo. Kwa maneno mengine, Wabrazili hawatibu kwa ute. Wanautoa ute ili ngozi ifae.

Mtu akiungua nyumbani, mpeleke mara moja kwenye maji ya kawaida yanayotiririka, umwagie sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Yasiwe maji ya barafu. Vua pete na nguo iliyo karibu, ila iliyogandamana na ngozi iache. Funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa, kisha umlete. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala kitu chochote cha samaki. Mtoto mdogo aliyeungua, au yeyote aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, aletwe siku hiyo hiyo hata kama jeraha linaonekana dogo.

MIKONO YA ANAYESHIKA SAMAKI

Sasa turudi kwa mfugaji mwenye kidole kilichovimba. Pezi la mgongoni la perege lina miiba mikali zaidi ya kumi. Kambale ana miiba miwili yenye meno kama msumeno, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Mwiba unapopita kwenye ute na kuingia kidoleni, unaingia umebeba kila kilichokuwa juu ya samaki.

Mambo haya yametokea hata katika nchi zenye hospitali nyingi. Huko Toronto, Kanada, kuanzia Desemba 1995, madaktari waliona watu kadhaa ambao mikono yao ilivimba na kuwa myekundu baada ya kutayarisha samaki wabichi jikoni, hasa perege wa kufugwa. Bakteria waliopatikana katika damu yao ni wale wale wanaowaua samaki mabwawani. Huko Israeli, mwaka 1996 na 1997, watu 62 waliugua vibaya baada ya kushika samaki wa mabwawa ya nchi kavu, wengi wao wakiwa na vidonda vya mikono. Samaki huyo, ambaye huko huitwa samaki wa Mtakatifu Petro, ni ndugu wa perege wetu. Maradhi yalianza pale samaki walipoanza kuuzwa wakiwa hai, badala ya kuuzwa wamekufa na kuwekwa kwenye barafu. Wanunuzi walikuwa wakimshika samaki anayerukaruka, mwenye ute wake wote na miiba yake yote.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Bakteria yule wa Israeli hupenda maji ya joto yenye chumvi kidogo, na maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru ni baridi zaidi. Ila maji baridi yasiyo na chumvi yana bakteria wake, ambao nao huingia kwenye vidonda. Wapo pia bakteria wa majini walio ndugu wa wale wa kifua kikuu. Hao huleta kinundu kwenye kidole au mkono wiki kadhaa baada ya mchubuko, wakati mwenyewe amekwisha kusahau kwamba alichubuka. Hakiumi sana, hakiponi, na mtu hupaka mafuta ya kila aina mpaka anachoka. Ugonjwa huo hauambukizwi kwa kukohoa, nao unatibika, lakini unataka dawa maalumu kwa miezi kadhaa.

Ukichomwa na mwiba, acha kazi hapo hapo. Osha mkono kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, wala si kwa maji ya bwawa. Kama kipande cha mwiba kinaonekana, kitoe kwa kibanio safi. Kama kimezama, usikichokonoe kwa pini. Funga kwa kitambaa safi, na siku hiyo usirudi tena majini. Uliza kumbukumbu yako ya chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi walichanjwa wakati wa ujauzito, lakini akina baba, ambao ndio mara nyingi huingia bwawani, tukiwauliza walichanjwa lini huishia kutazamana.

Njoo zahanati bila kungoja kesho ukiona uvimbe unapanda kuelekea kiganjani, mstari mwekundu mkononi, homa, malengelenge meusi, au maumivu makubwa kuliko kidonda chenyewe. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa ini na yeyote ambaye kinga ya mwili wake imepungua asisubiri hata dalili hizo. Na ukifika, mwambie muuguzi tangu mwanzo kwamba ni mwiba wa samaki. Watu wengi husema "nimejikata tu", nasi tunawapa dawa ya mkato wa kawaida, kumbe bakteria wa majini mara nyingine wanahitaji dawa nyingine.

KUTUNZA UTE BWAWANI

Mfugaji mmoja alituuliza hospitali inahusikaje na bwawa lake. Inahusika kupitia dawa. Samaki wakianza kufa, wapo wanaokimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua unga wa kuku wenye antibiotiki, mara nyingi oksitetrasaiklini, na kuumwaga majini kwa kukadiria. Bakteria walio dhaifu hufa, na walio sugu hubaki wakazaliana. Kisha maji hayo hutoka kwa mfereji kwenda kwenye mboga, kwa ng'ombe na kwa jirani wa chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokwisha kuzizoea dawa. Sisi wodini hatuoni hesabu hizo. Tunamwona mama mmoja ambaye sindano ya kwanza haikufanya kazi, na ya pili vilevile.

Mara nyingi pia samaki hao hawakuwa na ugonjwa wa bakteria hata kidogo. Ukiwaona alfajiri wako juu ya maji wakihema kwa midomo, wanakosa hewa. Punguza chakula, usitie samadi, ingiza maji mapya. Hakuna antibiotiki inayoongeza hewa kwenye maji.

Njia iliyo bora ni kumwachia samaki dawa aliyozaliwa nayo. Norwei mwaka 1987 ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki wake wa kufugwa. Walipoanza kuwachanja kwa wingi na kuwatunza vizuri zaidi, matumizi hayo yalishuka, na katika miaka ya karibuni hayafiki tani moja kwa mwaka, ingawa samaki wameongezeka mara nyingi. Sisi hatuna chanjo hizo kijijini, lakini utunzaji tunauweza.

Huku kwetu adui mkubwa ni baridi. Perege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30 za joto. Chini ya 20 hula kidogo, hukua polepole, na kinga yake hulegea. Mwezi wa Juni na Julai, mawingu yanapoufunika Mlima Meru siku nzima, ndipo samaki aliyekwanguka ute huota ukungu mweupe kama pamba. Kwa hiyo miezi hiyo si wakati wa kuvuavua samaki ili kuwatazama wamefikia wapi. Ukilazimika kuvua, fanya hivyo kwa utulivu, palipo na kivuli. Lowesha mikono, ndoo na wavu kabla ya kumgusa samaki, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute kama kitambaa kinavyofuta ubao. Usimweke juu ya nyasi kavu wala mchanga, usimfunge kwa gunia, wala usijaze ndoo mpaka samaki wakasuguana. Siku moja kabla ya kusafirisha vifaranga, usiwape chakula. Wafugaji wengi pia huweka chumvi ya kawaida katika maji ya kusafirishia, gramu 3 hadi 5 kwa lita, na chumvi hiyo humsaidia samaki aliyechoka. Afisa uvuvi wa halmashauri yako atakueleza inavyofaa kwa samaki wako.

Kuna wakati ute huzidi. Samaki anaonekana kama amefunikwa na ukungu wa rangi ya kijivu, naye hujisugua kwenye kuta za bwawa. Hiyo ni dalili kwamba kuna kinachomwasha, aidha wadudu wadogo wa ngozi au maji yaliyochafuka. Usifurahie utelezi huo. Badilisha maji, na umwite mtaalamu.

SOKONI NA JIKONI

Samaki akifa, ngozi yake haitengenezi tena ute wenye nguvu, na ule uliobaki hugeuka chakula cha bakteria wale wale aliokuwa akiwazuia. Hii inamsaidia mnunuzi. Uwe Tengeru au soko la Kilombero, tazama ute kabla ya kuuliza bei. Wa samaki mbichi ni mwangavu na hauna harufu kali. Ukigeuka wa njano au kama maziwa, ukavutika kama gundi na kunuka uchachu, mwache samaki huyo hata kama macho yake yamemwagiwa maji yang'ae.

Akina mama wengine hutuuliza kama ute ulioingia kwenye mchuzi unadhuru. Haudhuru. Ukichemka ni protini kama nyingine, na vijidudu vilivyomo hufa kwa joto. Cha kuangalia ni samaki aive mpaka nyama iachane na mfupa, na kisu na ubao vilivyomkatia samaki mbichi visikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni.